Mpishi Akesha, Mlaji Ataka Kuongezwa

Wapishi wa karamu ya arusi huanza kazi yao magharibi. Vitunguu humenywa gunia zima, nyama hutiwa viungo, mchele huchaguliwa na kuoshwa, kuni hupulizwa, na alfajiri huwakuta macho mekundu kwa moshi. Adhuhuri masinia hushuka mbele ya wageni, na kabla ya nusu saa kupita maua yaliyochorwa chini ya sinia yaanza kuonekana. Kisha sauti hutoka pembeni: "Jamani, huku hatujaongezwa!"

Mpishi hawezi kumlaumu mgeni kwa kula, kwani ndicho alichoitiwa. Mgeni naye hana habari ya saa alizokesha mpishi. Baina yao yuko mwenye arusi, na macho yote humgeukia yeye.

Mambo ni hayo hayo, bila ya moshi, katika biashara moja kubwa ya zama zetu: michezo ya kompyuta ichezwayo kwa intaneti na kulipiwa ada kila mwezi. Wenye kuitunga hupika miaka miwili. Wenye kuicheza humaliza sinia kwa wiki chache, kisha huuliza ya pili i wapi. Ugomvi huo una zaidi ya robo karne sasa. Umewafukuza wachezaji kwa mamilioni, umemliza mkubwa mmoja mbele ya kamera, na kuna walaji ambao hatimaye walikabidhiwa haki ya kuamua kipikwe nini. Yafaa tuutazame, kwani ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu anayelipa kitu mwezi kwa mwezi: ninacholipia hasa ni nini?

ULIMWENGU USIOZIMWA

Kwanza tumweleze msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe. Huu si kama bao au karata, ambapo watu wakisha kuinuka mchezo umekwisha. Ni ulimwengu mzima uliochorwa, wenye miji na misitu, masoko na bahari, na mapango yenye majoka. Mchezaji hujichagulia umbo na jina, akaingia, akawakuta humo maelfu ya wengine walioketi majumbani mwao Seoul, Paris au Chicago. Huungana vikosi, wakapigana na majitu, wakauziana silaha, wakafanya urafiki wa miaka. Mtu akizima kompyuta yake akalala, ulimwengu ule hauzimiki. Wengine wangali ndani wakiendelea na mambo yao.

Mchezo wa namna hii uliofungua njia ni Ultima Online, uliotungwa Texas, Marekani, na kutolewa Septemba 1997. Ukafuatiwa na EverQuest mwezi wa Machi 1999. Kisha Novemba 2004 ukaja World of Warcraft, wa kampuni ya Blizzard ya California, nao ukazifunika nyota zote. Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba wanaoulipia wamefika milioni 12.

Ada ya World of Warcraft huko Marekani ilikuwa takriban dola 15 kwa mwezi ulipoanza, na mpaka leo ni hiyo hiyo. Lakini kando ya ada, kila baada ya miaka miwili hivi hutolewa kile ambacho nitakiita juzuu: bara jipya, majoka mapya, madaraja mapya ya kupanda, na kisa kipya cha kuyaunganisha yote. Juzuu hununuliwa mbali. Ile ya kwanza, ya mwaka 2007, iliuzwa dola 40. Juzuu ya mwaka 2014 iliuzwa dola 50. Baina ya juzuu na juzuu huja nyongeza ndogo ndogo, na hizo huingia ndani ya ada.

Hapo ndipo lilipo fundo. Kampuni huihesabu ada kuwa ni kodi ya nyumba. Mitambo lazima iwake usiku na mchana, mafundi wapokee mishahara, wezi wafukuzwe, na mwenye shida ajibiwe. Mchezaji huihesabu kuwa ni bei ya bidhaa: nimetoa dola 15 mwezi huu, nipeni kitu cha mwezi huu. Kila mmoja ana hoja. Mwenye nyumba hadaiwi na mpangaji chumba kipya kila mwisho wa mwezi. Lakini mpangaji huyu anakumbuka maneno aliyoambiwa siku ya kuhamia, kwamba nyumba hii ni hai na inakua. Michezo hii haikutangazwa kama kitu kilichokwisha kutengenezwa. Ilisifiwa kuwa ni dunia inayozidi kupanuka. Aliyesifu mbegu asishangae akiulizwa matunda.

KASI YA MLAJI

Juzuu ya kwanza ya World of Warcraft, iitwayo The Burning Crusade, ilipotoka Januari 2007, nakala milioni 2.4 ziliuzwa katika saa 24 za mwanzo. Kampuni ilikuwa imeongeza madaraja kumi, kutoka 60 hadi 70, na bara zima la kuyapandia. Mchezaji mmoja wa Ufaransa alilifikia daraja la 70 kabla ya siku mbili kutimia. Jasho la watu wengi kwa muda wa miaka miwili likamalizwa na mtu mmoja aliyekataa kulala.

Msomaji atasema huyo ni mmoja, na watu wa ajabu hawakosi duniani. Basi na tushike mizani nyingine. Mchezo ulipofunguliwa mwaka 2004, ndani ya pango la moto liitwalo Molten Core liliwekwa jitu kubwa, jina lake Ragnaros, lililohitaji kikosi cha watu 40. Jitu hilo halikuuawa kwa mara ya kwanza mpaka Aprili 2005, miezi mitano baadaye. Agosti 2019 kampuni iliufungua upya mchezo wake wa kale, na jitu lile lile likauawa kabla ya wiki moja kupita. Ni kweli kwamba wachezaji wa mara hii walikuwa na nguvu ambazo wale wa mwanzo hawakuzipata. Lakini kilichobadilika zaidi ni watu wenyewe. Kila siri ya pango ilikuwa imekwisha andikwa, kila pigo limehesabiwa, kila njia ya mkato imechorwa na kugawiwa bure kwa wote. Zamani mchezaji aliingia gizani akipapasa. Leo huingia na ramani mkononi.

Watungaji wanalijua hilo, na wamebuni njia za kumpunguzia mlaji kasi. Hazina ya ngome huweza kupatikana mara moja tu kwa wiki. Upanga mzuri hutoka kwa bahati, si kwa haki, hata mtu akaliua joka mara kumi bila kuuona. Kuna vijikazi vya kila siku, kama kuchuma majani au kuua nguruwe mwitu kumi, ambavyo malipo yake ni madogo lakini asiyevifanya huachwa nyuma. Yote haya ni maji yatiwayo mchuzini ili utoshe wageni. Yakiwa kidogo hakuna anayeyaona. Yakizidi, ulimi hauwezi kudanganywa.

Wala mchezaji hatafuti hazina peke yake. Katika EverQuest kulikuwa na joka liitwalo Kerafyrm, lililolazwa usingizi na watungaji ndani ya kaburi lake. Akitokea mtu wa kuliamsha, mpango ulikuwa joka liue kila aliye karibu, lipite nchini likiteketeza, kisha lisionekane tena milele. Halikutungwa ili lishindwe. Novemba 2003, vikosi vitatu vilivyokuwa mahasimu vilipatana, wakakusanyika karibu wachezaji 200, wakaliamsha na kulishambulia kwa saa kadhaa, huku wanaokufa wakifufuliwa na kurudi vitani. Uhai wa joka ulipofika karibu na robo, wasimamizi wa kampuni waliliondoa ghafla. Kelele zilizozuka hazikuwa ndogo. Kampuni ikaomba radhi na kuwaruhusu wajaribu tena, nao wakaliua.

Walipata nini? Hawakupata kitu. Joka halikuwekewa hazina yoyote, kwa kuwa hakuna aliyedhani litakufa. Walakini watu wale walisherehekea kuliko waliopata dhahabu, kwa sababu walifanya jambo ambalo halijapata kufanywa. Nimekitaja kisa hiki ili ieleweke kwamba mtu anayesema "tunataka vipya" huenda haombi vitu. Huenda anaomba asichokijua kesho yake.

MIEZI KUMI NA MINNE

Sasa tuje kwenye njaa yenyewe. Septemba 2013 World of Warcraft ilifungua ngome iitwayo Siege of Orgrimmar, ambayo ndiyo iliyoifunga juzuu ya nne. Juzuu ya tano, Warlords of Draenor, haikutoka mpaka Novemba 2014. Kwa miezi 14 ngome ilikuwa ni ile ile, majitu yale yale, hazina ile ile. Aliyelipa ada miezi yote hiyo alitoa karibu dola 210, na bei ya juzuu ilikuwa ikimngoja mlangoni.

Uchungu ulizidishwa na ahadi. Wakuu wa mchezo walikuwa wamesema hadharani kwamba nia yao ni kutoa juzuu kwa haraka zaidi kuliko zamani, hata kukaribia moja kwa mwaka. Nia ilikuwa njema, lakini ahadi ni deni, na mdai wa ahadi hana usahaulifu.

Juzuu ilipotoka, watu walirudi kwa furaha na idadi ya walipaji ikapita milioni 10. Kila mchezaji alijengewa kambi yake mwenyewe, yenye maaskari wa kuwatuma safarini na mgodi wa kuchimba. Ilikuwa zawadi nzuri, na ikawa mtego. Watu walijifungia kambini wakihesabu maaskari wao, na miji iliyokuwa ikijaa kama soko la Ijumaa ikapwaya. Februari 2015 ikaja nyongeza, na miongoni mwa mambo yaliyotangazwa kwa kishindo ilikuwamo kamera ya mchezaji kujipiga picha ndani ya mchezo. Wenye njaa waliletewa kioo. Dhihaka za siku zile hazijasahaulika mpaka leo.

Hesabu zilizotolewa na kampuni yenyewe zasema yaliyobaki. Kutoka milioni 10, mwisho wa Machi 2015 walipaji walikuwa milioni 7.1, mwisho wa Juni, milioni 5.6. Mwezi huo wa Juni ilifunguliwa ngome ya mwisho ya juzuu hiyo, na baada yake ukaja ukame wa pili, nao wa miezi 14, mpaka juzuu ya Legion ilipotoka Agosti 2016. Katikati ya ukame huo, mwezi wa Novemba 2015, kampuni ilitangaza milioni 5.5 na kusema kwamba haitatoa tena idadi ya walipaji. Lakini kufunga daftari si dawa ya hasara.

Asiyecheza atauliza: kwani wameumia nini, si waache tu? Wengi waliacha, na hapo ndipo penye maumivu. Kikosi cha watu 25 kilichokutana kila Jumatano usiku kwa miaka sita hakifi kwa ugomvi. Hufa kwa mmoja kutoonekana wiki hii, wawili wiki ijayo, mpaka waliobaki hawatoshi kuingia ngomeni. Mchezo ukirudi na mambo mapya, mtu mmoja mmoja hurudi, lakini baraza limekwisha vunjika na kila mtu amepata kikao kingine. Kampuni huweza kuuza juzuu nyingine. Haiwezi kuuza rafiki aliyepotea.

ALIYETOKA NJE YA JIKO

Upande wa pili wa dunia, Tokyo, kampuni ya Square Enix ilikuwa na msiba wake. Mchezo wake Final Fantasy XIV ulitolewa Septemba 2010 ukiwa mbichi, mzito, na wenye kasoro nyingi. Kampuni haikubisha. Iliomba radhi, ikaacha kutoza ada, na Desemba 2010 ikauweka chini ya kiongozi mpya, Naoki Yoshida. Ada haikuanza kutozwa mpaka Januari 2012.

Yoshida aliamua jambo ambalo wafanyabiashara wengi wasingethubutu. Ulimwengu ule haukutiwa viraka, uliangamizwa. Novemba 2012 mwezi mwekundu ulianguka kutoka mbinguni mbele ya macho ya wachezaji, ukapasuka, ukatoka joka, ukawa mwisho wa nchi. Agosti 2013 mchezo ulizaliwa upya kwa jina la A Realm Reborn, na maafa yale yakawa sehemu ya kisa chake. Waliovumilia ubovu wa zamani walijikuta mashahidi wa tarihi.

Lakini ninalotaka kulipima hapa ni desturi aliyoiweka baada ya hapo. Yoshida hutoka mbele ya wachezaji mara kwa mara, kwa matangazo ya moja kwa moja, akaeleza kinachopikwa, kitaiva lini, na nini kimeshindikana. Nyongeza kubwa zilikuja kila miezi mitatu na nusu hivi, baadaye kila minne. Na amewahi kusema waziwazi maneno ambayo mfanyabiashara wa ada hayatarajiwi kinywani mwake: ukimaliza yaliyopo, pumzika, cheza michezo mingine, kisha urudi nyongeza itakapotoka.

Novemba 2021 alipolazimika kuiahirisha juzuu ya Endwalker kwa wiki mbili tu, aliomba radhi huku machozi yakimtoka. Juzuu ilipofunguliwa mwezi uliofuata, watu walikuwa wengi hata mitambo ikaelemewa, na waliolipa wakawa wanapanga foleni kwa saa nyingi. Kampuni ikawapa walipaji siku 21 bila ya malipo, na ikasimamisha kuuza mchezo kwa wateja wapya mpaka Januari 2022. Duka likafungwa kwa sababu ya kujaa!

Tusimsifu mtu kupita kiasi. Mchezo huo huo una sheria kwamba nyumba ya mchezaji, ambayo huenda aliitafuta miaka, hubomolewa asipoingia ndani yake kwa siku 45. Sababu ni kuwa viwanja ni vichache. Lakini mtu atapumzikaje vizuri, akiambiwa aende salama huku nyuma nyundo inamngoja? Na kalenda nayo ina aibu zake. Baada ya juzuu ya Dawntrail, iliyotoka Julai 2024, walizuka waliolalamika kwamba mpangilio wa kila nyongeza sasa wajulikana kabla haujaja, na kwamba baadhi ya mambo makubwa yalichelewa karibu mwaka mzima. Chakula kije kwa wakati, nacho kisiwe kile kile kila siku.

Huko California nako somo lilisikika. Desemba 2022, baada ya juzuu ya Dragonflight, Blizzard ilitoa ratiba ya nyongeza sita za mwaka 2023, na mwaka ulipokwisha zote sita zilikuwa zimetoka. Novemba 2023 ikatangaza juzuu tatu kwa pamoja na majina yake, ili mchezaji ajue kisa kinaelekea wapi. Kampuni iliyowahi kulificha daftari lake sasa ilikuwa ikibandika ratiba ukutani.

WALIOTAKA CHAKULA CHA JANA

Hata hivyo kuna kundi linaloivuruga hesabu yote hii, nalo ni la watu wasiotaka kipya. Mwaka 2013, katika mkutano wa Blizzard, mchezaji alisimama akauliza kama kampuni itaufungua tena mchezo ulivyokuwa mwanzo. J. Allen Brack, mmoja wa wakuu, alimjibu kwamba mnadhani mnautaka, lakini hamuutaki.

Wenyewe walijua walichotaka. Watu fulani huko Ufaransa waliufufua mchezo wa kale kwenye seva yao, wakauita Nostalrius, bila ada na bila ruhusa ya mwenye mali. Aprili 2016 wakatakiwa na mawakili waufunge, nao wakaufunga. Zaidi ya watu 200,000 walitia sahihi kuomba mchezo wa zamani urudishwe. Novemba 2017 ni Brack huyo huyo aliyesimama jukwaani kutangaza kwamba utarudi, na Agosti 2019 ukafunguliwa kwa ada ile ile. Kampuni ikasema robo hiyo ya mwaka ilileta ongezeko la walipaji kubwa kuliko lolote katika historia ya mchezo huo.

Basi watu walilipa kwa ajili ya bara wanalolijua kila jiwe! Je, hamu ya vipya ilikuwa uwongo? Nadhani walichokosa ni ile hali ya kumhitaji jirani, ya kutembea kwa miguu mwendo mrefu na kukutana na mtu njiani, hali iliyofutwa na vipya vilivyofuata. Na bado tumbo ni tumbo: hata hao wapenda kale walipomaliza yote wakaanza kuomba, na Novemba 2023 kampuni ikawafungulia nchi ya zamani iliyotiwa siri mpya ndani yake. Wakafurahi kuchimba tena mahali walipopajua.

KURA ZA MABAHARIA

Waliolitatua jambo hili kwa njia ya peke yake ni kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Mchezo wao RuneScape ulianza mwaka 2001. Novemba 2012 walibadilisha namna nzima ya kupigana, na wachezaji wengi wakakasirika, wakahama. Hapa mgeni hakulia njaa. Alilia kwamba amebadilishiwa sahani akiwa katikati ya kula. Februari 2013 kampuni ikapiga kura: turudishe mchezo ulivyokuwa mwaka 2007? Zaidi ya kura 400,000 zikapigwa, na ukazaliwa Old School RuneScape.

Tokea hapo ikawekwa kanuni. Jambo kubwa jipya haliingizwi ila walipaji wa ada wamelipigia kura, na halipiti ila limepata asilimia 75. Mwaka 2022 kiwango kilipunguzwa kuwa asilimia 70. Mlaji akawa na neno jikoni.

Kura hizo si mchezo. Watungaji walipendekeza stadi mpya ya ufundi mwaka 2014, ikakataliwa. Wakapendekeza nyingine mwaka 2019, ikakataliwa. Na mwaka 2015 walipendekeza jambo ambalo mtu wa pwani ataliona la kawaida kabisa: ubaharia. Wazo lenyewe lilianza kama mzaha wa siku ya wajinga. Nalo halikufikia kiwango.

Mwaka 2023 waliuliza tena, hatua kwa hatua. Kwanza: je, mnataka stadi mpya hata kidogo? Wengi wakasema ndiyo. Kisha: katika hizi tatu, ipi? Wakachagua ubaharia. Kisha wakaonyeshwa vyombo, visiwa na michoro, wakatoa maoni yao, wakapiga kura ya kukata shauri, ikapita. Kazi ikachukua zaidi ya miaka miwili. Novemba 2025 bahari ikafunguliwa, na mchezaji akaanza na chelezo cha magogo, akipanda taratibu mpaka chombo kikubwa chenye matanga, akivua samaki, akiopoa mali katika merikebu zilizozama, akigundua visiwa.

Zaidi ya miaka miwili ni mirefu kuliko miezi 14. Lakini katika miaka hiyo watu walijua nini kinakuja, waliulizwa kabla ya mbao kukatwa, na waliuona mkuku ukilazwa. Kusubiri huko hakukuitwa ukame.

DENI LA NANI

Kutoka visa hivi vyote, mimi naona kwamba mlipa ada hadai wingi. Ameonyesha mara nyingi kuwa anaweza kungoja, anaweza kula cha jana, na anaweza kuliua joka lisilo na hazina akarudi nyumbani ameridhika. Asichokivumilia ni kulipa gizani: kutojua kama jikoni kuna moto, na kuambiwa 'karibuni' na mtu asiyejua lini.

Naye mlaji ana deni lake. Chakula hiki kina wenye kukipika, nao ni watu wa nyama na damu. Julai 2024 wafanyakazi zaidi ya 500 wanaoutengeneza World of Warcraft waliungana katika chama chao cha wafanyakazi, ili wawe na sauti juu ya mishahara na hali ya kazi yao. Kila anayegonga sinia akitaka kuongezwa kabla ya wakati, mkono wake unafika mpaka kwa watu hao. Mwenye dola 15 ana haki ya kuuliza lini. Hana haki ya kutaka mtu asilale.

Katika arusi, mwenye shughuli mwerevu hasubiri kelele. Huinuka mapema, akapita baina ya wageni, akasema, "Jamani, sufuria ya pili i motoni, yashuka sasa hivi." Wageni hunawa mikono, wakaendelea na mazungumzo yao, na hakuna anayetazama mlango. Lakini aseme hivyo ikiwa sufuria ipo.